Finland na Sweden ziliomba NATO siku moja, kwa nini ziliingia kwa kupishana miezi 11?

Mdadisi_Tanga

Wakuu salaam. Hili jambo naona hapa linajadiliwa juu juu. Barua za maombi za Finland na Sweden alikabidhiwa Jens Stoltenberg, katibu mkuu wa NATO wakati ule, kule Brussels asubuhi moja, 18 Mei 2022. Itifaki zao, yaani hati za kuzipokea kwenye mkataba, zikasainiwa siku moja, 5 Julai. Lakini Finland ikawa mwanachama 4 Aprili 2023, na Sweden ikasota hadi 7 Machi 2024.

Naomba wanaoijua mada wanieleze: hatua zenyewe za kujiunga zikoje, na Sweden ilikwama hatua ipi hasa? Pili, nchi iliyokwisha kuomba lakini haijaingia inalindwa na nani? Tatu, nchi iliyokaa miaka 200 bila kuegemea upande wowote inageukaje ndani ya miezi mitatu? "Putin kawatisha" nimeshalisikia, nataka utaratibu.

Mtu_wa_Itifaki

Mkuu, msingi wote uko kwenye kifungu cha 10 cha Mkataba wa Washington wa 1949, ulioanzisha NATO. Nchi ya Ulaya haijiungi kwa kuomba, inaalikwa, na mwaliko hautoki mpaka wanachama wote wakubaliane. Mwaliko huu ulitoka kwenye mkutano wa Madrid, 29 Juni 2022. Mazungumzo ya kujiunga yakafanyika 4 Julai na kuisha siku hiyohiyo, jambo ambalo si la kawaida. Sababu ni kwamba majeshi yote mawili yalikuwa kwenye mpango wa NATO wa Ushirikiano kwa ajili ya Amani tangu 1994, na viwango vyao vya mawasiliano, risasi na taratibu za kutoa amri vilishalingana na vya NATO. Kesho yake itifaki zikasainiwa.

Wengi hudhani hapo mambo yameisha, kumbe ndipo yanaanza. Itifaki inapanua mkataba unaomfunga kila mwanachama, kwa hiyo nchi zote 30 za wakati ule zilipaswa kuiridhia, kila moja kwa sheria zake za ndani, kisha kupeleka hati kwa serikali ya Marekani, ambayo ndiyo mhifadhi wa mkataba. Canada, Denmark, Norway na Iceland zilimaliza siku ileile ya saini. Seneti ya Marekani ilipiga kura 3 Agosti, 95 kwa 1. Slovakia ikaridhia 27 Septemba, ikawa ya 28. Zikabaki Hungary na Uturuki.

Sasa shika hili: itifaki zilikuwa mbili, kila nchi na yake. Barua zilikwenda pamoja kwa hiari ya nchi hizo, lakini kisheria hakuna kilichozifunga pamoja, na Uturuki ikatumia mwanya huo kuridhia moja na kuiweka nyingine kiporo.

Finland nayo ilicheza kwa akili. Bunge lake lilipitisha sheria ya kujiunga 1 Machi 2023, kura 184 kwa 7, kabla Uturuki haijasema ndiyo. Kwa nini mapema hivyo? Uchaguzi mkuu ulikuwa 2 Aprili, na kuunda serikali ya mseto kule huchukua wiki nyingi (safari ile ilipatikana Juni). Rais wao ana miezi mitatu ya kutia saini sheria iliyopitishwa na Bunge, na muda huo ukawa wa kumngojea Uturuki. Sauli Niinistö alisaini 23 Machi. Bunge la Hungary likaridhia 27 Machi, la Uturuki 30 Machi, na 4 Aprili waziri wa mambo ya nje Pekka Haavisto akamkabidhi mwenzake wa Marekani, Antony Blinken, hati ya kujiunga palepale Brussels. Uanachama huanza hati inapokabidhiwa. Kupandisha bendera ni sherehe tu.

Bosporasi

Niongezee hapo kwa Uturuki, maana watu hudhani lilikuwa suala la kuchomwa Qurani peke yake. Madai yalikuwepo tangu Mei 2022: Sweden iache kuwapa nafasi PKK, kundi la wapiganaji wa Kikurdi wa Uturuki, na washirika wao wa Syria, YPG, iwakabidhi watu wanaotafutwa, na iondoe vizuizi vya kuiuzia Uturuki silaha vilivyowekwa 2019. Hayo yakaandikwa kwenye hati ya pande tatu, Madrid, 28 Juni, na ndiyo iliyofungua njia ya mwaliko wa kesho yake.

Utekelezaji ulikuwa wa viwango viwili. Yaliyo mikononi mwa serikali yalikwenda haraka: vibali vya kuuza silaha vikaanza kutoka tena mwishoni mwa Septemba 2022. Yaliyohitaji sheria yalikwenda polepole, kwa sababu Sweden ilibidi kwanza ibadili katiba ili iweze kubana uhuru wa kujumuika kwa makundi ya kigaidi. Marekebisho hayo yakaanza 1 Januari 2023, na sheria ya kumtia hatiani mtu kwa kushiriki tu katika kundi la kigaidi ikaanza 1 Juni 2023. Hata ukiwa na haraka namna gani, katiba yao inataka mabunge mawili yapitishe na uchaguzi uwe katikati.

Yaliyo mikononi mwa mahakama hayakwenda kabisa. Serikali inaweza kuahidi kushughulikia maombi ya kukabidhi watu, haiwezi kuahidi hukumu. Desemba 2022 Mahakama ya Juu ya Sweden ilizuia kukabidhiwa kwa mwandishi wa habari aliyekuwa akitajwa na Rais Erdoğan wa Uturuki mwenyewe. Januari 2023 mwanasiasa Rasmus Paludan akachoma Qurani mbele ya ubalozi wa Uturuki Stockholm, na kibali cha polisi mkononi. Mwezi uliofuata polisi walipojaribu kunyima vibali vya maandamano ya namna hiyo, mahakama ya utawala baadaye ikatengua uamuzi wao.

Na siasa za ndani nazo zilikuwa balaa. Serikali ya waziri mkuu Magdalena Andersson ilisimama kwa kura ya mbunge mmoja huru, Amineh Kakabaveh, Mkurdi kwa asili. Tarehe 7 Juni 2022 wapinzani walitaka kumng'oa waziri wa sheria kwa kura ya kutokuwa na imani. Zilihitajika kura 175, wakapata 174. Yaani wakati Ankara inadai Wakurdi wa Syria waachwe, serikali ya Stockholm ilikuwa inapumua kwa kura ya mtu aliyeiunga mkono kwa sharti la kushirikiana na Wakurdi haohao. Finland haikuwa na kadhia hiyo, wala jamii kubwa ya Wakurdi wenye sauti kama ya Sweden.

Kufuli la Uturuki lilifunguka kwa mambo yasiyoandikwa kwenye hati ya Madrid. Bunge lake liliridhia 23 Januari 2024, kura 287 kwa 55; siku tatu baadaye Marekani ikaidhinisha mauzo ya ndege za F-16 ya thamani ya dola bilioni 23. Hungary ikaja ya mwisho. Malalamiko yake yalikuwa kwamba wanasiasa wa Sweden wanaikosoa kuhusu demokrasia. Waziri mkuu Ulf Kristersson akaenda Budapest 23 Februari, wakakubaliana ndege nne zaidi za kivita za Kiswidi, Gripen, juu ya 14 walizokuwa wanakodi, na baada ya siku tatu Bunge likapitisha kwa 188 dhidi ya 6. Kila mtu na ajisomee mwenyewe.

Kusini_mwa_Kaskazini

Swali la tatu lina kasoro kwenye mzizi, mkuu. Kutoegemea kwa Sweden hakukuwa kwenye katiba wala mkataba, tofauti na Austria iliyoweka sheria ya kikatiba 1955. Ilikuwa sera, na sera huzungushwa. Mwaka 1941 waliruhusu divisheni nzima ya Wajerumani ipite kwa reli kutoka Norway kwenda Finland. Wakati wa Vita Baridi walikuwa na maandalizi ya siri na nchi za Magharibi, na tume yao wenyewe ikayaweka wazi 1994.

Finland ilikuwa jambo jingine: haikuwa na hiari. Mkataba wa 1948 na Muungano wa Sovieti uliibana hadi 1992. Ulipokufa tu, wakachagua ndege za Kimarekani za Hornet. Nchi zote mbili zikaingia Umoja wa Ulaya 1 Januari 1995, na tangu Mkataba wa Lisbon kifungu cha 42(7) kinawadai wanachama kusaidiana mmoja akishambuliwa. Kwa hiyo kufikia 2022 kilichokuwa kimebaki ni kutokuwa kwenye muungano wa kijeshi, basi. Desemba 2021, kabla ya vita vya Ukraine kupanuka, Finland ilishaamua kununua ndege 64 za kivita za Kimarekani za F-35. Nchi inayotaka kubaki peke yake hainunui mfumo unaotegemea data za wenzake.

Kilichowachokoza ni rasimu za mikataba ya Urusi za Desemba 2021, zilizotaka NATO isipokee mwanachama mpya yeyote. Helsinki ilikuwa imezoea kusema "hatumo, lakini mlango uko wazi". Sasa kuna mtu anataka kuufunga kwa niaba yao. Uvamizi wa 24 Februari ukamaliza ubishi: kura ya maoni ya shirika la utangazaji Yle ilionyesha 53% wanataka NATO siku chache baadaye, na 76% kufikia Mei. Bunge likapiga kura 17 Mei, 188 kwa 8. Hakuna nchi iliyoitisha kura ya maoni ya wananchi wote, ingawa ziliitisha kuhusu Umoja wa Ulaya 1994.

Mdadisi_Tanga

Nimeelewa vizuri, asanteni sana. Bado kipindi cha kusubiri.

Mtu_wa_Itifaki

Kuanzia 5 Julai 2022 waliketi karibu vikao vyote vya NATO bila kura, na kifungu cha 5, kinachosema kumshambulia mmoja ni kuwashambulia wote, hakikuwahusu. Pengo lilizibwa kwa makubaliano ya pembeni. Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, alisaini matamko ya kusaidiana na nchi zote mbili 11 Mei, wiki moja *kabla* ya barua, na mpangilio huo haukuwa wa bahati. Hayakuwa mikataba, yalikuwa ahadi za kisiasa. Juni ile meli kubwa ya Marekani, USS Kearsarge, ikatia nanga Stockholm kwa luteka ya Baltiki. Na ukweli ni kwamba vikosi vingi vya Urusi vya mpaka wa Finland vilikuwa vimepelekwa Ukraine. Kipindi kile kilikuwa salama kuliko ambavyo kingekuwa miaka ya kawaida.

Reli_na_Bandari

Kuna upande ambao wanasiasa hawausemi: kuingia ni karatasi, kupitisha vifaru ni kazi. Finland ina mpaka wa kilomita 1,340 na Urusi. Msaada wa nchi kavu unaweza kuja kutoka bandari za Norway kupitia Sweden hadi Haparanda, ng'ambo ya mto kutoka Tornio. Hapo unagota: reli ya Sweden ina upana wa milimita 1,435, ya Finland 1,524, urithi wa enzi za utawala wa Tsar. Mzigo lazima uhamishwe behewa hadi behewa. Anayejua Kidatu, TAZARA yenye 1,067 inapokutana na reli ya kati yenye 1,000, anaelewa maana yake kwa muda na kreni, sasa weka vifaru badala ya makontena. Wakati huohuo reli ya Urusi ina 1,520, tofauti ya milimita nne tu na ya Finland, kwa hiyo upande wa mashariki mabehewa yanaweza kupita.

Baharini kuna visiwa viwili vya kutazama. Gotland ya Sweden ilibaki bila kikosi cha kudumu baada ya 2005. Kikosi cha huko, P 18, kilifufuliwa rasmi 2018. Åland ya Finland hairuhusiwi kuwekwa jeshi kwa mikataba ya 1856 na 1921, na uanachama wa NATO haukuligusa hilo. Ukitazama ramani utaona iko mdomoni mwa Ghuba ya Bothnia, karibu na njia ileile ya meli za kuilisha Finland reli ikishindwa.

Bosporasi

@Reli_na_Bandari kuhusu hiyo reli, Finland tayari inapanga upana wa 1,435 kuanzia upande wa kaskazini, mpakani na Sweden. Ni kazi ya miaka mingi, na swali la nani alipe bado linabishaniwa.