Ruta ya gesti: hEX, hAP ax² au Cisco 1941 ya mtumba?

Mpwani_Net: Wakuu, nanunua ruta wiki hii. MikroTik hEX RB750Gr3 (flashi MB 16, RAM MB 256), hAP ax² (MB 128, GB 1), au Cisco 1941 ya mtumba. Muuzaji anasema niangalie RAM tu. Ni kweli?

kebo_nyeusi: Vyumba vingapi? Unauza vocha? User Manager (programu ya MikroTik ya kusimamia vocha) itakaa ndani ya ruta au kwenye seva? Umeme ukoje? Bila hayo tunapiga ramli.

Fundi_Swichi: Huyo muuzaji anataka kumaliza stoku. RAM inashika ya sasa hivi: miunganisho, foleni, logi (kumbukumbu za matukio). Umeme ukienda, navyo vimeenda. Flashi ndiyo inayobeba RouterOS (mfumo endeshi wa MikroTik), mipangilio na vocha, na kwa toleo la 7, MB 16 ni finyu.

Kuna hosteli walikuwa na ruta ya MB 16, logi zinaandikwa diski (yaani flashi), vocha humo humo. Nafasi ikaisha, vocha zikaacha kusajiliwa, apdeti ikagoma. Ikabidi Netinstall, yaani kusakinisha upya kutoka kwenye kompyuta: kebo kwenye tundu la ether1, shikilia reset hadi ionekane kwenye kompyuta. Bakapu nayo haipo! Waliihifadhi nje ya folda ya flash/, na kwenye ruta yenye folda hiyo, kilicho nje yake kiko RAM.

rejista2102: Ndiyo maana mimi ni Cisco. IOS (mfumo endeshi wa Cisco) iko kwenye kadi ya CompactFlash, ikifa unabadili kadi. Mipangilio iko NVRAM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukienda.

kebo_nyeusi: Kama umekumbuka kusevu kwa `copy running-config startup-config`. MikroTik inaandika papo hapo.

rejista2102: Asiyejua kusevu asiguse ruta. Ila mkuu, ya mtumba piga `show version` kwanza. Ukikuta rejista (namba inayoiambia ruta iwakeje) ni 0x2142, itapuuza NVRAM kila ikiwaka. Irudishe `config-register 0x2102`.

Mpwani_Net: Samahani wakuu, vyumba 24, vocha ndiyo, umeme unakatika kila siku.

Fundi_Swichi: Basi ax². Na hEX haina hata Wi-Fi, ungenunua AP (kisambaza Wi-Fi) juu yake.

kebo_nyeusi: Vyumba 24 kwa ax² moja? AP atanunua tu. hEX ina tundu la microSD: hamisha hifadhidata kwa `/user-manager/database/set db-path=`, logi peleka seva ya syslog (ya kupokea logi), mlango wa UDP 514. Kila wiki tazama `/system/resource/print`: free-hdd-space (nafasi iliyobaki) na bad-blocks (sehemu mbovu za flashi).

Fundi_Swichi: microSD za bei chee zinakufa kabla ya flashi yenyewe.

rejista2102: Mnabishana kadi, umeme unakatika kila siku. UPS (betri ya akiba) je?

kebo_nyeusi: hEX inapokea volti 8 hadi 30, mini UPS ya volti 12 inatosha.

Mpwani_Net: Hiyo mini UPS itabeba na AP mbili?