Wawindaji wa kitalii, acheni kusema mnaua simba ili kutulinda sisi wa vijijini

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa nimekasirika. Naomba mnivumilie.

Juzi kwenye mkutano wa kijiji chetu huku kusini, kijiji kinachopakana na kitalu cha uwindaji (eneo la pori ambalo kampuni imepewa kuwindisha watalii), alisimama mwakilishi wa kampuni yenye kitalu akatutaka tuwe na shukrani. Kwa maneno yake, kila simba dume anayeangushwa na mgeni wao ni simba mmoja tuliyepunguziwa, kwa hiyo wao ni walinzi wetu. Aliyasema hayo mbele ya watu waliozika ndugu zao walioliwa na simba. Viongozi wakampigia makofi, maswali yakazuiwa kwa kisingizio cha muda, mkutano ukafungwa. Basi namjibu hapa.

Tuanze na simba wanaokula watu, kwa sababu habari zao zimeandikwa. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, na walioumia zaidi ni watu wa Lindi na Rufiji. Watafiti walipofuatilia walikuta mambo ambayo bibi yeyote wa Rufiji angewaeleza: mashambulizi yanapanda msimu wa mavuno, Machi hadi Mei, watu wakiwa wamehamia shambani na kulala kwenye madungu kulinda mpunga na mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Nguruwe anafuata mazao, simba anamfuata nguruwe, na anayelala katikati yao ni mkulima kwenye kibanda cha makuti, na watoto wake. Kwetu wengi hatuli nguruwe, hakuna anayemwinda, anazaliana apendavyo.

Wakubwa mnamkumbuka yule simba wa Rufiji aliyeitwa Osama. Kuanzia 2002 hadi alipouawa Aprili 2004 yeye na wenzake waliua watu zaidi ya 30. Watu waliacha mashamba, wakawa wanafunga milango jua halijazama. Aliyewaondolea balaa lile hakuwa mtalii aliyekuja kutafuta nyara, ni askari wa wanyamapori. Na yule mnyama alikuwa bado kijana, mwenye jino lililooza. Hakuna mgeni ambaye angetoa hata senti kwa kichwa kile.

Maana mgeni ana chake anachokitafuta. Anataka dume mkubwa mwenye manyoya mengi shingoni, ikiwezekana meusi, apendeze ukutani. Dume wa aina hiyo anatafutwa ndani kabisa ya kitalu, mbali na mashamba yetu. Paja la nyati au pundamilia linatundikwa mtini liwe chambo, maficho ya majani yanajengwa kwa mbali kidogo, wanakaa wanasubiri. Simba anayeingia kwenye mpunga usiku mara nyingi ni jike, au dume asiye na manyoya ya kutamanisha, na hayo maficho hayajengwi shambani kwa mama Mwanahawa. Tunaomba mtu wa kumfukuza simba, tunaambiwa askari hawana gari, au gari halina mafuta. Mgeni akija, magari yanapatikana.

Kwa hiyo hivi ni vitu viwili tofauti. Kumuua simba aliyezoea kula watu ni kazi ya ulinzi, na sitamlaumu askari anayeifanya. Kumuua dume mzima porini ambaye hajamgusa mtu wala ng'ombe, ili ngozi yake ikatandikwe sebuleni ng'ambo, ni starehe ya mtu. Iiteni starehe. Msiifunike na makaburi ya watu wetu.

Halafu kuna hili la "simba mmoja mliyepunguziwa". Ni uongo hata kwa hesabu. Dume mwenye kundi akipigwa, madume wageni wanaingia, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuua watoto wote wadogo ili majike wawe tayari kupandwa tena. Utafiti wa simba wa Serengeti unaendelea tangu mwaka 1966, jambo hili limeonekana mara nyingi mno. Risasi moja inabeba dume na watoto wake wote. Madume wapya nao wakipigwa msimu unaofuata kabla hawajalea, mzunguko unaanza upya, na baada ya misimu michache kitalu kinabaki na majike wanaozaa bila kukuza.

Mwaka 2004 watafiti walitumia takwimu hizo za Serengeti na Ngorongoro wakaonyesha kwamba wakipigwa madume wa miaka 5 au 6 kwenda juu tu, ambao wameshalea kizazi chao, idadi ya simba haiyumbi. Kanuni zetu za uwindaji wa kitalii za mwaka 2010 zikaweka miaka 6. Na umri wa simba unasomeka akiwa hai: pua yake inazidi kuwa nyeusi kadiri anavyokua, na ikishapita nusu nyeusi ujue anakaribia umri huo. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni porini, mwenye darubini, mwenye dume lililosimama kwenye chambo mbele yake, na mwenye safari ya siku 21, atasemaje hakuona? Akipiga kijana wa miaka 3 ni kwa sababu mgeni anakaribia kupanda ndege na hajapata anachokitaka.

Msiseme nawaonea. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu zetu wenyewe za Tanzania: simba waliopatikana kwa uwindaji wa kitalii walishuka kwa nusu kati ya 1996 na 2008, na waandishi walisema wazi kwamba katika maeneo ya uwindaji chanzo kikubwa ni uwindaji wenyewe. Zimbabwe, pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Hwange, simba 62 waliwekewa alama kuanzia 1999, na 24 kati yao wakaishia kupigwa na watalii. Madume yalikuwa yakitoka hifadhini kujaza nafasi za waliouawa, na yenyewe yanapigwa. Ndiyo pembeni ya hifadhi hiyo hiyo alikopigwa simba maarufu Cecil mwaka 2015, akiwa na kola ya utafiti shingoni, na daktari wa meno kutoka Marekani aliyeripotiwa kulipa takriban dola 50,000. Dunia nzima ikalia. Sina ugomvi na waliomlilia Cecil, ila hao 563 wetu hakuna aliyewasha mshumaa, na hilo linaniuma pia.

Tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo damu inanichemka. Kijana wa kijijini akikutwa na kipande cha ngozi ya simba, hiyo ni nyara ya serikali, anafunguliwa kesi ya uhujumu uchumi, mama yake anauza shamba kumtafutia wakili. Ngozi ile ile ikiwa kwenye sanduku la mgeni inapigwa muhuri na kusindikizwa uwanja wa ndege. Mnyama ni yule yule. Na sisi tukiliwa? Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama hatari. Ilikuwa milioni moja kwa baba wa familia, na uifuatilie ofisi hadi ofisi ukiwa na barua ya mtendaji, ya polisi na ya daktari. Linganisheni wenyewe na hizo dola.

Tunaambiwa robo ya mapato ya uwindaji inarudi halmashauri. Halmashauri si kijiji. Ikishafika kule inageuka viti vya ofisi na posho za vikao, na kijiji kilicholala na simba hakioni hata zahanati yenye dawa ya kumshonea majeruhi.

Najua watakaokuja kusema: ukifuta uwindaji, vitalu vitageuka mkaa na malisho, simba wataisha kabisa kwa sumu. Hoja hiyo naiheshimu. Maeneo ya uwindaji nchini mwetu ni makubwa kuliko hifadhi za taifa, mengi hayana barabara wala twiga wa kupigwa picha, na mtalii wa kamera hafiki huko. Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977 na wanyama wao bado wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu wakati huo. Na sumu ipo kweli: mwaka 2018 karibu na Ruaha, simba 6 na tai wengi walikufa kwa mzoga uliowekwa sumu. Sisemi kesho asubuhi mfunge kila kitalu.

Ila hoja hiyo inasimama kwa sharti kwamba fedha inawafikia wanaoishi na simba na kwamba madume yanayopigwa ni wazee kweli. Sharti likivunjwa, mnabaki na mtu aliyemuua mnyama kwa raha yake, basi. Na mimi, hata sharti likitimizwa, moyo wangu hautaita jambo hilo zuri. Wazee wetu walimwogopa simba, walimuua alipowavamia, na aliyemuua alitambulishwa kijiji kizima kwa sababu alikuwa ameweka maisha yake mbele ya watu wake. Aliyekaa kwenye maficho na bunduki ya darubini, na wasaidizi watano nyuma yake, ameweka nini?

Ninachotaka ni kitu kidogo kabisa. Kanuni zinataka kila simba anayewindwa akaguliwe umri, maana yake taarifa zipo. TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, wazitoe hadharani kila msimu: kitalu gani, simba wangapi walipigwa, kila mmoja ana umri gani, nani alivunja kanuni na alichukuliwa hatua gani, na shilingi ngapi zilikwenda halmashauri ipi. Zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kama zinavyobandikwa taarifa za mapato na matumizi. Na sehemu ya fedha hiyo ijenge madungu imara ya mbao na mabati kwa wakulima, na iwalipe vijana wa kupunguza nguruwe pori msimu wa mpunga. Hiyo ndiyo kazi itakayotupunguzia simba shambani bila kumuua hata mmoja.

Mlio pembezoni mwa vitalu, Rungwa, Maswa, Moyowosi, Liwale na kwingine, andikeni hapa chini: kijiji chenu kimepata nini tangu mgeni wa kwanza aje, na mtu wenu wa mwisho kuliwa na simba familia yake ililipwa baada ya muda gani. Na kama humu yupo mwindaji bingwa anayeona nimemsingizia kuhusu umri, alete picha za pua na meno ya simba wake wa msimu uliopita, tuzitazame pamoja.