Mjadala: Je, sayansi ihitaji mhuri wa maandiko ndipo muumini aielewe?

Mleta mada: Wadau, kuna mtindo umeshika kasi. Mtu akitaka kuwaeleza waumini mlipuko mkuu (Big Bang, jinsi ulimwengu ulivyoanza) au mageuko ya viumbe (viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi), kwanza anasaka aya inayofanana nayo, kisha: "Mnaona? Ilikuwemo tangu zamani!" Ukumbi unashangilia. Napinga, na shahidi wangu ni padre.

Georges Lemaître, padre Mkatoliki wa Ubelgiji, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema ulianzia kwenye kitu kama atomu moja. Mwaka 1951 Papa Pius XII akahutubia kana kwamba sayansi hiyo inathibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi. Kwake ile ilikuwa fizikia, basi. Na kweli, nadharia ikirekebishwa kesho, aya uliyoifunga nayo utaipeleka wapi?

Mchangiaji 1: Mkuu, unaongea kama mtu wa maabara. Shangazi yangu hakusikilizi mpaka ajue imani yake iko salama. Aya ndiyo mlango. Halafu mageuko yenyewe ni nadharia tu!

Mleta mada: Kumtoa shangazi hofu, sawa. Ila mwambie habari za Mendel, mtawa aliyepanda njegere ili aone sifa zinavyorithiwa. Alichavusha mimea ya mbegu za mviringo kwa ile ya mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza zote zikatoka mviringo. Kizazi cha pili mikunjo ikarudi: mviringo 5,474, mikunjo 1,850, karibu tatu kwa moja. Alizihesabu, hakutafuta aya. Na utawa hakuuacha. Baadaye akawa abati, yaani mkuu wa monasteri.

Hiyo "nadharia tu" ndiyo kisiki, na Kiswahili chetu kimechangia. Tumezoea "nadharia na vitendo": fundi wa nadharia pekee humpi gari lako. Kwa mwanasayansi, nadharia ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi yakasimama. Kwamba vijidudu huleta maradhi nayo ni nadharia, na hutaki daktari akupasue bila kunawa.

Mchangiaji 2: Mimi ni muumini na nafundisha bailojia. Wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, wewe unaamini mageuko?" Nawajibu siyaamini, nayakubali kwa ushahidi, kuamini nimekuweka kwingine. Sina hakika huwa wananielewa. Mmoja alijibu swali la mtihani vizuri kabisa, halafu chini, kwa penseli hafifu, akaandika: "Lakini mimi siamini." Nilimpa alama zote.