Mlango wa papi kwenye chumba cha kusogea cha gari-nyumba: papi zimebanduka, unakwama konani

KitasaImara:
Habari wakuu. Ndani ya chumba kinachotoka ubavuni mwa gari-nyumba kuna kabati lenye mlango wa papi (vibao vyembamba vilivyobandikwa kwenye kitambaa), ule unaoteleza kwenye mifereji na kujikunja konani mpaka nyuma ya kabati. Papi 6 za katikati zimebanduka kwenye kitambaa. Chumba kikiwa ndani mlango unapita, kikitolewa nje unakwama. Papi zenyewe ni nzima, upana mm 20, unene mm 8. Nibandike hizo 6 tu au nibadilishe kitambaa chote? Na gundi ipi?

FundiRanda:
Badilisha chote. Katikati pakishaachia, gundi ya kwingine nayo imechoka. Kiraka pia huongeza unene mahali pamoja, na hapo ndipo mlango utakapokaza kila ukifika konani.

Ila usishike gundi kwanza. Kukwama chumba kikiwa nje tu kunaonyesha kabati linakwenda mshazari. Weka gari sawa kwa pimamaji, toa chumba mpaka mwisho, halafu pima uwazi wa kabati kona kwa kona, mara mbili kwa kukatisha. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya mm 3, mfereji wa juu na wa chini haiendi pamoja. Rudia kipimo chumba kikiwa ndani, kama unaweza kulifikia kabati. Kama tofauti inajitokeza kikiwa nje peke yake, huenda upande mmoja wa chumba unatoka zaidi ya mwingine. Hilo lirekebishwe kabla ya yote, la sivyo kitambaa kipya kitabanduka palepale.

Kazi yenyewe: kata umeme wa chumba betrini, mtu asije akabonyeza swichi mikono yako ikiwa ndani. Fungua ubao wa nyuma au kizuizi cha mwisho wa mfereji, mlango utoke kwa njia hiyo. Ukiulazimisha kwa mbele utavunja ncha za papi. Andika namba mgongoni mwa kila papi kabla ya kubandua. Kwangua gundi ya zamani kwa patasi butu na umalizie kwa msasa namba 120, ila ncha zinazoingia mferejini usizipunguze.

Zilaze kifudifudi juu ya ubao ulionyooka, chini pakiwa na karatasi ya nta. Pigilia mbao mbili zilizopimwa kwa guni (kipimo cha pembe mraba) zikutane kwa nyuzi 90, uzisukumie papi humo mpaka zibanane kabisa. Hapa usiwe na haraka. Mlango ukigandishwa mshazari, hata kidogo, hakuna nta itakayouponya.

Kitambaa kiwe turubai ya pamba. Ioshe na uipige pasi kwanza ili isinywee baadaye. Nyuzi za urefu zifuate uelekeo wa mlango kuteleza. Kata upana ili kila upande kitambaa kiishie mm 12 kabla ya ncha za papi. Kikiingia mferejini, mlango unakaba.

MsasaLaini:
Naunga mkono. Kuhusu gundi, tumia ya kontakti, ile ya kupaka pande zote mbili na kusubiri ikauke mpaka isinate kidoleni, kwa kawaida dakika 15 hadi 20. Gundi nyeupe ya mbao hushika vizuri, lakini ni majimaji: inapenya kati ya papi, ikikauka zinashikana na mlango haujikunji. Chagua ya kontakti inayostahimili joto, maana gari lililoegeshwa juani hupika kila kitu kilichomo.

Paka tabaka jembamba. Ikishashika huwezi kusogeza tena, kwa hiyo anza katikati na ukandamize kuelekea kingo kwa roli ngumu. Iache usiku mzima chini ya uzito, kisha ikunje taratibu papi kwa papi ili gundi iliyochungulia kwenye nafasi iachie.

KitasaImara:
Asanteni. Vipimo vya kona kwa kona vinapishana mm 5 chumba kikiwa nje, kikiwa ndani ni sawa. Halafu ncha za juu za papi 3 zina weusi na zimevimba kidogo.

FundiRanda:
Weusi huo ni maji. Kagua mpira wa kuzuia maji juu ya chumba, hasa pembeni unapokunja. Chumba kikitoka kimeegemea upande mmoja, mpira haukandamizwi sawasawa na mvua inapita. Huenda tatizo lako ni moja lenye sura mbili. Papi zilizovimba ziache zikauke vizuri, kisha zijaribu mferejini moja moja: kila ncha icheze kama nusu milimita. Ikiwa bado inabana, hiyo ndiyo ya kupigwa msasa, au ibadilishe.

Mwisho sugua mifereji kwa mshumaa mkavu. Mafuta na grisi usiweke, yanakusanya vumbi na kuloweka kitambaa. Na uufunge mlango kwa komeo kabla ya kuendesha. Ukiachwa ukigonga kizuizi kila gari linapofunga breki, papi ya mwisho ndiyo huanza kuachia.