Meli za huduma kwenye majukwaa ya mafuta: ugumu wa kazi uko wapi?

Kadeti_Sitaha aliuliza:

Heshima kwenu wakuu. Ninasomea uofisa wa sitaha, na mafunzo yangu ya vitendo yamekuwa katika meli za mizigo zinazotoka bandari moja kwenda nyingine. Sasa nafikiria kuomba nafasi katika meli za huduma, yaani zile zinazohudumia majukwaa na mitambo ya kuchimba mafuta na gesi baharini. Wenzangu wengi hunijibu kwamba hizo ni meli ndogo za kupeleka chakula na vipuri, na mazungumzo huishia hapo. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu nimeona meli yenye urefu wa mita 80 ikiwa na rafadha (mapanga yanayoisukuma meli majini) nyingi kuliko meli iliyo kubwa mara tatu yake, tena ikidai maofisa wenye vyeti vya ziada. Naomba kufahamishwa ni kazi gani hasa zinazofanywa na meli hizi, na ugumu wake uko wapi.

Nahodha_Shetri alijibu:

Ndugu kadeti, ugumu uko katika kusimama. Meli ya makontena hulipwa kwa kwenda, lakini meli ya ugavi hulipwa kwa kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi, mita chache tu kutoka kwenye nguzo za chuma, huku upepo, mkondo na mawimbi vikiivuta kila kimoja upande wake.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaruhusu nchi kuweka eneo la usalama la hadi mita 500 kuzunguka jukwaa, na ndani ya mpaka huo hakuna anayeingia kwa mazoea. Husimama kwanza nje, hujaribu injini, usukani na rafadha za omo (mbele) na za shetri (nyuma), huitazama meli inavyojishikilia kwa muda, kisha ndipo huomba ruhusa kwa redio. Baada ya hapo huchagua upande. Mimi hupendelea upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea, kwa sababu umeme ukikatika nikiwa huko upepo utaipeperusha meli kuelekea bahari iliyo wazi, ilhali nikiwa upande upepo unakotoka, jukwaa ndilo litakalonisimamisha. Ikiwa kreni inayotakiwa iko upande mbaya na hali ya hewa imechafuka, jibu sahihi ni kusubiri, hata kama walio juu wanaita kila baada ya dakika kumi.

Kuhusu wingi wa rafadha: hizo ni sehemu ya mfumo wa kuishikilia meli mahali pake, ambamo kompyuta hupokea vipimo kutoka kwenye setilaiti, leza, vifaa vya sauti chini ya maji, dira na vipima upepo, kisha huiamuru kila rafadha isukume kiasi gani na kuelekea wapi. Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mwongozo wa mifumo hii mwaka 1994 na kuupitia upya mwaka 2017, na limeigawa katika madaraja matatu. Katika daraja la kwanza hitilafu moja yaweza kuiondoa meli mahali pake. Katika la pili, kuharibika kwa kifaa kimoja kinachofanya kazi kusiiondoe. Katika la tatu, hata moto au mafuriko katika chumba kimoja yasiiondoe. Kwa hiyo rafadha unazoziona hazikuwekwa kwa ajili ya mwendo, bali ili nusu ya mitambo ikifa nusu nyingine iendelee kuishikilia meli.

Fundi_wa_Chini alijibu:

Naongeza upande wa chumba cha injini, kwa kuwa neno hili la "chakula na vipuri" linafuta sehemu kubwa ya kazi yetu. Kontena zilizo sitahani ndizo zinazoonekana, lakini chini ya sitaha kuna matanki ya dizeli, maji ya kunywa, maji ya kuchimbia, maji ya chumvi nzito na tope la kuchimbia, pamoja na matanki ya unga mkavu wa saruji, bentonaiti na baraiti. Baraiti ina uzito unaozidi mara nne ule wa maji, na ndiyo inayolipatia tope hilo, linalozungushwa ndani ya kisima wakati wa kuchimba, uzito wa kukabili msukumo wa gesi na mafuta kutoka chini ya ardhi. Meli ikichelewa kuifikisha, wachimbaji hulazimika kufikiria upya kama waendelee au wasimame.

Unga huo hausukumwi kwa pampu, bali kwa hewa iliyoshindiliwa. Kreni huteremsha mpira mzito wa kupitishia unga, mabaharia wawili huudaka na kuufunga kwenye bomba la ubavuni, nami huku chini hufungua hewa polepole huku nikisikiliza. Unga ukienda vizuri bomba hutoa mvumo wa mfululizo. Mvumo ukikatikakatika najua kwamba unyevu umeingia na mabonge yameanza kujengeka kwenye kona. Tope nalo lazima likorogwe safari nzima, la sivyo uzito wote hukaa chini ya tanki na kinachofika juu ni maji machafu.

Kurudi si kutupu pia, kwani tunabeba taka na mabaki ya tope. Usafishaji wa matanki hayo ndio ninaouhofia kuliko yote, kwa sababu ya gesi yenye sumu ya salfidi ya hidrojeni. Hakuna anayeingia bila hewa kupimwa na bila mtu kusimama mlangoni, hata akiwa na haraka ya namna gani.

Serahangi_wa_Nanga alijibu:

Wakuu mmesema vyema, ila msisahau meli za kushughulikia nanga. Mtambo unaoelea hushikwa na nanga nyingi, na sisi ndio tunaozichukua moja moja, kuzipeleka mbali na kuzilaza chini, kisha kuzing'oa kazi ikiisha. Mnyororo hupita shetrini juu ya roli kubwa, ukizuiwa usiteleze pembeni na nguzo mbili za chuma zinazoinuliwa kutoka sitahani. Hatari ni pale meli inapochukuliwa na mkondo nje ya mstari wake, kwa kuwa mvuto uliokuwa nyuma huanza kuvuta kutoka ubavuni, na meli hulala upande.

Tarehe 12 Aprili 2007, karibu na visiwa vya Shetland, meli ya Bourbon Dolphin ilipinduka ikiwa katika kazi hiyohiyo, na watu 8 kati ya 15 waliokuwamo walifariki. Haikuwa meli chakavu, maana ilikuwa imeundwa mwaka uliotangulia. Kila kadeti anayekuja kwetu hulisoma tukio hilo kabla ya kukanyaga sitaha ya nyuma, na namwomba muulizaji alisome pia.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Zipo pia meli za wapiga mbizi, na huko kusimama ni uhai wa mtu. Mwezi Septemba 2012, katika Bahari ya Kaskazini, mfumo wa kuishikilia meli ulishindwa, meli ikasogea, na mpira uliokuwa ukimpelekea hewa mpiga mbizi Chris Lemons ukakatika. Alikaa chini zaidi ya nusu saa akiwa na akiba ya dakika chache tu, hadi mabaharia walipoirudisha meli na mwenzake akamtoa akiwa hai. Kwa meli za uokoaji zinazozunguka majukwaa usiku kucha, soma habari za Piper Alpha, jukwaa la Bahari ya Kaskazini lililolipuka na kuungua, ambako watu 167 walifariki mwaka 1988.

Kadeti_Sitaha aliandika tena:

Nawashukuru sana. Je, mtu aanzie wapi?

Nahodha_Shetri alijibu:

Anzia kwenye meli ya ugavi, kwa sababu huko utakaribia jukwaa mara nyingi kuliko kwingineko. Fanya kozi ya awali ya mfumo wa kushikilia meli na uhakikishe saa zako zinaandikwa na kutiwa saini tangu siku ya kwanza. Zaidi ya hayo, mwombe nahodha wako akufundishe kuishikilia meli kwa mkono, ukiwa umekaa kwenye kiti kinachotazama nyuma, mahali palipo wazi mbali na jukwaa lolote. Kompyuta ikizima ndani ya mita 500, utakachokuwa nacho ni mikono hiyo, na wenzako wawili watakuwa sitahani chini ya mzigo unaoning'inia.