Naomba ushauri: Nataka kuuza biashara yangu ya alamu za usalama, niiandaeje ipate bei nzuri?

Waya_Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nafunga alamu za usalama majumbani na maofisini, mwaka wa 19 sasa. Nilianza na ngazi moja na drili ya kuazima. Leo nina wateja 640 wanaolipa ada ya uangalizi kila mwezi, mafundi wanne, na dada mmoja wa ofisini anayeshika ankara na simu. King'ora kikilia, ishara inakwenda kwenye kituo cha uangalizi ambacho nakilipa mimi. Wao ndio wanaompigia mteja na kuita msaada.

Mgongo umeanza kukataa kupanda darini, kwa hiyo nataka kuuza ndani ya miaka miwili. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa kwanza. Nikamtembeza stoo, nikamwonyesha magari mawili, paneli mpya (boksi kuu la alamu) kwenye maboksi, rola za waya. Akatazama kwa adabu tu. Tulipokaa akauliza maswali matatu: wateja wangapi wamesaini mkataba, wangapi wameondoka miezi 12 iliyopita, na namba wanayopiga usiku mambo yakiharibika ni ya nani. La kwanza sikuwa na jibu. La pili nilikisia. La tatu, namba ni yangu, simu iko mfukoni mwangu hata sasa naandika.

Ofa aliyoleta baada ya hapo sikulala. Nianzie wapi? Naomba waliowahi kuuza, wahasibu, wanasheria, mafundi, yeyote mwenye kujua.

Ngazi_Ndefu

Mkuu, pole na hongera kwa pamoja. Mimi niliuza yangu, na nilipitia hapo hapo ulipo.

Huyo mgeni hakuja kununua magari. Biashara yetu hununuliwa kwa kuchukua mapato ya mwezi yanayojirudia, yaani ada ya uangalizi na matengenezo ya mkataba, na kuyazidisha mara kadhaa. Kazi ya kufunga mfumo mpya ni pesa nzuri, lakini ukishalipwa imekwisha. Ada ndiyo inayorudi.

Sasa fanya hesabu hii. Tuchukue 30 kama mfano wa kizidisho. Mteja mmoja asiye na karatasi iliyosainiwa, mnunuzi akimtoa kwenye hesabu, hukupoteza ada ya mwezi mmoja. Umepoteza ya miezi 30. Wakiwa 100 umepoteza ya miezi 3,000. Ndiyo maana ofa ilikuuma.

Kwa hiyo anza na kabati la mafaili. Chukua orodha ya ankara za mwezi huu, kila jina litafutiwe mkataba wake. Mimi nilikaa sakafuni siku nne na makarani wawili. Tulikuta mikataba ya watu waliohama, mikataba iliyosainiwa upande mmoja, mmoja una saini ya msichana wa kazi. Wale wasio na kitu, nenda kawasainishe upya. Usiende mikono mitupu: mpimie mfumo bure, mbadilishie betri, kisha mpe mkataba mpya asome. Wengi wanasaini hapo hapo mezani kwa sababu wanakujua. Akinunua mtu mwingine kwanza, hawatamsainia kirahisi namna hiyo.

Hesabu_Safi

Naongezea upande wa vitabu, maana hapo ndipo wanunuzi wanapochimba.

Tenga mapato mafungu matatu: ada za kila mwezi, ufungaji mpya, na matengenezo ya kulipia kwa tukio. Ukiyachanganya kwenye mstari mmoja, mnunuzi atachukulia fungu la ada ni dogo kuliko lilivyo. Na ada iliyolipwa mwaka mzima mbele igawanywe kwa miezi yake. Ile ya miezi ijayo ni deni la huduma, mnunuzi ataikata kwenye bei.

Pili, wanaoondoka. Watu wengi hujidanganya hapa. Tuseme ulianza mwaka na 640, wakaondoka 77, ukaongeza 90. Unajiona umekua, na kweli umekua. Mnunuzi anaona 77 kwa 640, asilimia 12, kwa sababu wale 90 uliwatafuta wewe kwa jasho lako na yeye hana hakika ataweza. Andika kila aliyeondoka na sababu: amehama, bei, huduma mbovu, hakulipa, amefariki. Ukishaona sababu utajua la kufanya. Waliohama, kwa mfano, wameacha paneli ukutani. Mwenye nyumba mpya anaikuta hapo na hajui namba ya siri. Mpigie wiki ile ile anapoingia.

Tatu, madeni ya zaidi ya siku 90. Hao usiwahesabu kama wateja. Kusanya au kata huduma kwa kufuata mkataba, orodha ibaki na watu wanaolipa kweli. Na kila unayeweza kumhamishia malipo yakatwe benki yenyewe, mhamishe. Alivyozoea kukatwa huwa haondoki ovyo.

Waya_Mbili

Nashukuru sana. Nimeanza kukagua kabati jana usiku, bado nafika herufi K na tayari naona aibu. Swali: ada yangu sijapandisha miaka sita. Nipandishe kabla ya kuuza?

Hesabu_Safi

Pandisha, lakini mapema na kidogo. Ukipandisha mwezi mmoja kabla ya kuuza, mnunuzi ataona na hataihesabu, kwa sababu hajui wangapi watakimbia. Ukipandisha leo, mwakani una miezi 12 ya ushahidi kwamba walilipa na wakabaki. Angalia tu kama mkataba unakuruhusu.

Paneli_Mzee

Mimi ni fundi. Kampuni niliyokuwepo ilinunuliwa na nyingine, nikawa kwenye timu ya kukagua mifumo tunayochukua. Niwaambie tulichokuwa tunaangalia.

Tunafungua boksi la paneli. Kitu cha kwanza ni betri, ile ya volti 12, Ah 7. Fundi makini huandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito siku anapoifunga. Betri hizi huishi miaka mitatu hadi mitano. Nikikuta imevimba ubavu na haina tarehe, hata kabla sijapima chochote nimeshajua kampuni hii haitembelei wateja wake. Nikikuta tarehe tatu zimeandikwa kwenye kifuniko, mwandiko tofauti, miaka tofauti, najua hapa kuna kazi inafanyika. Mkuu, kanunue kalamu leo uwagawie mafundi wako wanne.

Halafu namba ya siri ya fundi, ile ya kuingia kwenye mipangilio ya paneli. Kampuni nyingi zinatumia moja kwa wateja wote na iko kichwani mwa fundi mmoja. Tulikuta mifumo 50 hivi imefungwa na fundi aliyekwishaondoka, namba haijulikani kwa mtu, kila moja ikabidi irudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani na kupangwa upya, kanda baada ya kanda. Hiyo gharama tulimkata muuzaji. Ziandike, zifungie kwenye sefu au programu yenye ulinzi.

La tatu ndilo kubwa. Ishara zinakwenda kwenye namba gani, na namba hiyo ni mali ya nani? Kama paneli zinapiga namba ya kituo cha uangalizi, mnunuzi akitaka kuhamia kituo chake itabidi kila nyumba itembelewe. Wateja 640, mafundi wanne, nyumba tano kila mmoja kwa siku: siku 32 za kazi, ikiwa kila mteja yuko nyumbani. Hawatakuwa nyumbani. Kama namba ni yako, au vifaa vinapangwa kwa mbali, kazi ni nyepesi kabisa. Na laini za simu ndani ya vifaa ziwe zimesajiliwa kwa jina la kampuni, si lako wala la fundi.

Mwisho, mitandao inazeeka. Marekani, kampuni ya simu ya AT&T walizima mtandao wao wa 3G Februari 2022, na kifaa cha alamu ambacho hakikuwa kimebadilishwa kikanyamaza. Mteja anaona taa ya kijani kwenye kibodi na anadhani analindwa. Jua una wangapi wa namna hiyo. Na wale wanaotumia simu za intaneti, wajaribu kwa king'ora kweli. Contact ID, lugha ambayo paneli nyingi hutumia kuongea na kituo, inapeleka ujumbe kwa milio, na sauti ikibanwa njiani milio huharibika.

Kifungu_cha_Saba

Mimi ni mwanasheria. Paneli_Mzee amesema vizuri, mimi nabaki kwenye karatasi.

Kabla ya kuwasainisha watu upya, hakikisha mkataba wenyewe unafaa. Utafute kifungu kinachokuruhusu kuuhamishia kwa kampuni nyingine bila kumwomba mteja upya. Kisipokuwepo, unaweza kuwa na saini 640 ambazo mnunuzi hawezi kuzitumia. Kingine ni kifungu cha ukomo wa dhima: kwamba wewe si bima, na mwizi akiingia hutadaiwa thamani ya vitu vyote vilivyoibwa. Mnunuzi makini asipokiona anaogopa, na ana haki. Sheria hutofautiana, kaa na wakili wa kwako aandike.

Tarajia pia kwamba sehemu ya bei itazuiwa, mara nyingi kwa miezi 12, na wateja wakiondoka zaidi ya mlivyokubaliana inapunguzwa. Hapo jadili kwa nguvu: mtu aliyeondoka kwa sababu mnunuzi kapandisha ada au hapokei simu asihesabiwe kwako. Liandikwe.

Na tafadhali, usimpe mtu majina na anwani za wateja kabla hajasaini hati ya usiri. Hata baada ya hapo, mwanzoni mpe namba za akaunti, ada na tarehe ya mkataba tu. Orodha ya nyumba zenye alamu na jinsi zilivyofungwa si karatasi ya kuzungushwa.

Dada_wa_Mapokezi

Kaka, wote wameongelea wateja. Mimi nilikuwa kama huyo dada yako wa ofisini. Tulisikia kampuni imeuzwa kutoka kwa mteja aliyepiga simu kuuliza. Wiki mbili baadaye fundi mkuu akaondoka, na wateja wake wakamfuata.

Si lazima uwaambie leo. Lakini kabla ya kusaini, mwambie kila mmoja ana kwa ana, na uwaombee bonasi ya kubaki iwe ndani ya makubaliano. Na hiyo simu ya usiku mpe fundi mwingine kuanzia sasa, kwa zamu na kwa malipo. Wateja wazoee sauti nyingine ungali upo.

Waya_Mbili

Nimerudi baada ya wiki tatu, nimeona niwape mrejesho.

Kabati limekwisha. Kati ya 640, wenye mkataba kamili ni 388. Wenye mkataba wa zamani usio na kifungu cha kuhamisha ni 141. Waliobaki 111 hawana kitu, na wengi wao ndio wateja wangu wa kwanza kabisa, niliowafungia kwa kupeana mikono. Wakili anamalizia mkataba mpya wiki hii. Ofa ya yule bwana nimeikataa kwa heshima, nimemwomba turudiane baada ya miezi 18.

Simu ya usiku imehamia ofisini, mafundi wanapokezana. Usiku wa kwanza niliamka saa nane nikaitafuta kwenye meza.

Jana nilikwenda mwenyewe kwa mama mmoja mzee, mteja namba 0007. Betri yake ilikuwa na mwandiko wangu, ya miaka saba iliyopita. Nimeibadilisha, tumejaribu king'ora, kituo kikampigia ndani ya dakika moja. Nikamweleza kwamba siku moja kampuni itakuwa na mwenyewe mwingine, ndiyo maana nataka yake iwe kwenye maandishi. Akaniuliza kama huyo mwingine atakuwa anakuja kubadilisha betri. Nimemwambia nitaliandika kwenye mkataba wa mauzo.

Kifungu_cha_Saba, hilo linawezekana kuwekwa kama sharti? Ukaguzi mmoja kwa mwaka kwa wateja wote wa zamani, kwa miaka mitatu hivi?

Kifungu_cha_Saba

Linawezekana. Liweke mezani tangu ofa ya kwanza, si siku ya kusaini, maana ni gharama na ataipigia hesabu kwenye bei. Njoo inboksi nikuonyeshe jinsi linavyoandikwa.