Naomba ushauri: huduma kwa watoto wa mitaani Bujumbura, tukitokea Kigoma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanisani kwetu Kigoma tunaandaa vijana wanne kwenda Bujumbura, kupitia mpaka wa Manyovu, wakahudumu miezi mitatu kati ya watoto wanaolala mitaani. Lugha haitusumbui sana, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Hati za kusafiria zinashughulikiwa.

Kinachotuumiza kichwa ni uji na Neno. Ibada ikitangulia uji, mtoto mwenye njaa anajifunza haraka kwamba sala ndiyo tiketi ya kikombe. Atanyoosha mkono kuokoka kila Jumamosi, kwa kila kundi linalopita. Kwa hiyo uji utatangulia, kwa wote, kisha mkeka utatandikwa pembeni kwa anayetaka kubaki. Baadhi ya wazee wanaona tunaificha Injili. Mimi sioni hivyo. Yesu aliwalisha watu elfu tano bila kumhoji mtu imani yake.

Mengine tumeshakubaliana: wahudumu wawili daima, hakuna kujitenga na mtoto hata kwa maombezi. Pesa mkononi hapana, kwa sababu wakubwa huwanyang'anya wadogo usiku. Picha za sura hapana.

Naomba mliofanya kazi hii mnisaidie. Mtoto akifunguka kwamba anafanyiwa ukatili, akasihi tusimwambie mtu, mhudumu amjibu nini papo hapo? Tunajua kuahidi siri ni kosa, ila maneno yenyewe ndiyo magumu. Na miezi mitatu ikiisha, mnamkabidhije kwa kanisa la kule asijione ametupwa tena?